Kuwatembeza Jinja

Niliandika ratiba nyuma ya bahasha ya bili:
saa tatu mto, saa tano mjini, saa saba samaki Masese.
Mwanaheri akaigeuza, akalisoma deni langu:
"Kumbe na huku maji mnalipia,
na mto mnao mlangoni!"
Basi siku ikaanzia kwenye kicheko.

Kiswahili changu ni cha Walukuba,
cha nyumba za kiwanda, ukuta kwa ukuta,
Msoga, Mluo, Mteso, Mnubi,
lugha tuliyoitumia kama jiko la uani
bila kuulizana nani kavunja mpini wa sufuria.
"Vuta kiti ile," nikasema,
na Shekue wa Korogwe akafumba macho
kama aliyeng'atwa na siafu.

Mtoni mwenye mashua alituonyesha mapovu.
"Hapa ndipo Naili inapoanzia."
Wakapiga picha mapovu.
Sikuwaambia kwamba hapo palikuwa na maporomoko,
kwamba bibi yangu Namukose alizaliwa ndani ya ngurumo yake,
akaolewa humo, akazaa humo,
hadi bwawa likafungwa, maji yakapanda juu ya mawe,
na usiku ule wa kwanza kijiji kizima kikakesha:
kimya kiliwapigia kelele.
Nilitaka kuwaonyesha hilo.
Utamwonyeshaje mtu sauti isiyokuwepo?
Nikanunua mahindi ya kuchoma, tukatafuna.

Barabara kuu. Maghorofa mafupi ya Wahindi,
jina na mwaka vimechongwa juu kabisa,
chini yake sasa simu, nywele bandia, magodoro.
Mwanaheri aliyasoma majina kwa sauti, moja moja,
kama mwalimu anayeita darasa.
Korongo mmoja juu ya paa akabadilisha mguu.

Hapo zipu ya mkoba wake ikakatika.
Nikawapeleka kibarazani kwa Isabirye, fundi cherehani,
aliyepunguza sketi zangu zote za shule.
Shekue akatangulia: "Mzee, tunaomba msaada."
Mguu wa fundi ukasimama juu ya pedali.

Nakijua kituo kile.
Kwa watu wa rika lake Kiswahili kilikuja na buti:
simama, lala chini, toa pesa,
kwenye kizuizi, usiku, tochi usoni.
Mama yangu hadi leo akikisikia nyuma yake
hubana mkoba kwapani, nami mwanawe ndiye ninayezungumza.

Shekue hakujua. Aliinama kidogo.
"Shikamoo, mzee."

Fundi akanitazama mimi, akauliza kwa Kisoga:
"Anataka nini huyu?"
"Hataki kitu. Anakuamkia."
"Kwa lugha hiyo?"
"Hiyo hiyo."
Akaokota sindano iliyokuwa haijaanguka.
"Basi hujibiwaje?"

Nikamwambia. Akalijaribu neno polepole,
kama avutaye uzi mpya kuona utakatikia wapi:
ma-ra-haba.
"Mwambie arudie."
Shekue akarudia.
Safari hii akajibu bila kunitazama.

Zipu alitutoza elfu tano, bei ya wageni,
hakupunguza hata mia.

Masese hatukufika. Mvua ilitufungia
chini ya mwavuli wa muuza chapati,
mayai manne kwa mtu, nyanya, kabeji,
Mwanaheri akajichomea ulimi na akaagiza nyingine.
Kiwanja cha gofu hawakukiona, wala viboko wanaokichafua,
wala nyumba tuliyozaliwa, ambayo siku hizi ina geti
na mbwa asiyenijua.

Usiku nikawatandikia sebuleni.
Mgeni siku mbili, niliwakumbusha,
ya tatu jembe liko nyuma ya mlango.
Taa ikazimwa. Ndipo nikawasimulia habari ya bibi,
maporomoko, bwawa, usiku ule.
Hawakusema kitu kwa muda mrefu.

"Kimya ile," nikasema gizani, makusudi,
na wote wawili wakapiga kelele.